Umefunga AC kubwa huku Nyanda za Juu? Usizime swichi kuu usiku (uzi kwa mafundi na wenye majengo)

FundiUyole
Habari zenu wakuu. Naandika kwa mafundi wenzangu wa friji na AC wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, na pia kwa wenye kumbi, hoteli na maghala wanaotuita kazini. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Juni iliyopita nilibeba kompresa iliyokufa kutoka kwenye ukumbi mmoja wa mikutano hapa mjini hadi karakana kwangu. Ilikuwa na miezi 7 tu. Yuniti ya nje ya tani 10, fasi 3, gesi R410A, kompresa ya skrolu (aina inayokandamiza gesi kwa kuzunguka). Niliifunga mimi mwenyewe. Kila aliyeiona alisema umeme ndio umeiua, na mimi nilikubali, maana ndivyo tulivyozoea kusema.

Nikaikata. Koili za mota zilikuwa safi, hakuna harufu ya kuungua, hakuna weusi. Kilichokufa ni beringi. Zilikuwa zimelika na kukwaruzika kama zimesagwa kwenye mchanga. Mafuta yaliyobaki yalikuwa mepesi yanatiririka kama maji.

Nilirudi ukumbini nikakaa na mlinzi tukazungumza bila haraka. Akaniambia ukweli wote bila kujua kwamba ndio jibu: ibada na harusi zikiisha Jumapili jioni anashusha swichi kuu ya AC, anaipandisha Jumamosi asubuhi. Aliambiwa aokoe umeme, na pia anaogopa radi. Hana kosa. Mwenye kosa ni mimi niliyekabidhi kazi bila kumweleza mtu yeyote kwamba mashine ile haitakiwi kukatiwa umeme.

Sababu ni hii. Mashine ikisimama, gesi ndani ya bomba haikai ilipo. Inasafiri kuelekea mahali penye baridi zaidi, na mafuta ya kompresa nayo yanaivuta. Mchana ukumbi una nyuzi 20, usiku huko nje kompresa imekaa kwenye zege kwenye nyuzi 8 au 9, na ninyi mnaujua usiku wa Mbeya wa Juni na Julai. Gesi yote inakwenda kulala kwenye tumbo la kompresa, inageuka kimiminika, inajichanganya na mafuta. Siku tano hivyo. Jumamosi mtu anawasha, presha inashuka ghafla, kimiminika kile kinachemka na kutoka povu, povu linabeba mafuta yote kwenda kwenye mabomba. Beringi zinazunguka kavu kwa sekunde kadhaa. Fanya hivyo kila wiki kwa miezi 7.

Dawa yake ipo kwenye mashine tangu kiwandani: hita ya mkanda inayozunguka tumbo la kompresa. Ile ya ukumbini ilikuwa ya wati 70. Inaunganishwa kupitia mguu wa pembeni wa kontakta (swichi ya umeme inayowasha kompresa) ambao hupitisha umeme kompresa inapozimika, kwa hiyo kompresa ikilala hita inaamka. Lakini haina umeme wa ajabu wa kwake. Ukishusha swichi kuu, umeizima nayo.

Kwa hiyo natoa maoni yangu, na niko tayari kusahihishwa: huku kwetu joto haliui kompresa. Zinauawa na usiku.

Mzee wa Sae
Fundi nimekusoma. Lakini naomba niulize kwa nia njema. Mbeya hii ya makoti na sweta, AC ya tani 10 ya nini? Si wangefungua madirisha?

FundiUyole
Swali zuri mzee wangu, na huwa naulizwa hata na wateja.

Mtu mmoja aliyekaa kimya anatoa joto la karibu wati 100. Ukumbi wa watu 400 ni wati 40,000 kabla hujawasha taa, spika na majiko ya wapishi. Tani 10 ni kama wati 35,000 za kupooza. Madirisha yanasaidia mpaka pale muziki unapoanza na majirani wanapolalamika, hapo yanafungwa. Wiki nzima ukumbi hauhitaji chochote, siku mbili unahitaji sana, na hiyo ndiyo hatari yenyewe: mashine inayolala sana kwenye baridi ndiyo inayopigwa zaidi.

Kota za Chini
Mkuu umeeleza vizuri. Mimi nafanya kazi hizi Dar. Mwaka jana nilitumwa Mbeya kufunga yuniti mbili nikahangaika na jambo moja. Vakyumu, yaani kuvuta hewa na unyevu wote kutoka kwenye mabomba kabla ya kuachia gesi. Pampu yangu nzuri kabisa, nikavuta saa 3 nzima, sindano ya geji ikagoma kwenye inchi 24 na kidogo. Dar inakwenda hadi 29 na kitu bila shida. Nikatafuta uvujaji siku nzima sikuuona. Mwishowe nikabadilisha pampu na bado ikagoma palepale. Kama una vakyumu ya 24 maana yake mfumo wako una hewa, sasa ninyi huko mnafungaje?

FundiUyole
Ndugu yangu, hukuwa na uvujaji wala pampu haikuwa mbovu. Ulikuwa umefika.

Geji ya kawaida haipimi kilichobaki ndani ya bomba. Inapima tofauti kati ya ndani na hewa iliyo nje. Pwani hewa inakandamiza kwa karibu inchi 29.9 za zebaki, ndiyo maana sindano inafika huko. Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yetu inakandamiza kama inchi 24.4. Ukitoa kila kitu ndani ya bomba, sindano itasimama hapo, hata ulete pampu ya aina gani. Njombe ambako ni juu zaidi itasimama kwenye 23 na nusu hivi.

Ubaya ni kwamba wapo wanaokwenda mbali zaidi yako. Wanaona 24, wanasema "hii haitoshi lakini basi", wanaachia gesi. Wengine wanaona 24 wanasema "imefika" baada ya dakika 15, na kumbe maji bado yamo. Sindano ile haiwezi kumtofautisha wa kwanza na wa pili. Kwa vakyumu huku juu nunua geji ya maikroni (kipimo kidogo sana cha presha). Hiyo inapima kilichobaki ndani, haijali uko chini Kyela au juu Kitulo. Vuta mpaka chini ya 500, funga vali ya pampu, subiri. Ikipanda kidogo na kutulia chini ya 1,000 uko salama. Ikipanda ikatulia juu, kwenye elfu moja na mia kadhaa au elfu mbili, kuna maji. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu.

Na baridi yetu inaongeza kazi. Unapovuta vakyumu unataka maji yaliyomo yachemke na kutoka kama mvuke. Kwa nyuzi 25 maji huanza kuchemka ukifika kama maikroni 24,000. Kwa nyuzi 8 asubuhi ya Julai inabidi ushuke hadi 8,000 ndipo yaanze, na yanatoka polepole mno. Usivute vakyumu alfajiri ukiwa na haraka. Subiri jua, au pasha mabomba kwa hita ya upepo. Mimi huvuta, navunja vakyumu kwa kuingiza naitrojeni kavu, navuta tena, mara tatu. Mafuta ya R410A yanafyonza unyevu kuliko yale ya zamani ya R22, na mafuta yaliyonyonya maji hugeuka tindikali.

Kota za Chini
Asante sana. Nimepoteza siku nzima na pampu moja kwa kutojua hili. Sasa naelewa pia kwa nini presha zangu zilikuwa hazilingani na jedwali la presha na joto la gesi.

FundiUyole
Ndiyo, ni jambo lilelile. Geji iliyowekwa sifuri Mbeya inaonyesha kama psi 2.7 zaidi ya ile ya pwani kwa gesi ya joto lilelile. Kwenye R410A hata huioni, presha zake ni kubwa. Lakini kwenye chumba cha ubaridi cha R134a ni kitu. R134a kwenye nyuzi 0 pwani inasoma kama psi 28, Mbeya inasoma 30 na nusu. Ukitumia jedwali bila kutoa hiyo tofauti unakosea karibu nyuzi 2.

Mwanafunzi wa Veta
Shikamoo fundi. Niko VETA, mwaka wa pili fani ya umeme, natamani kuingia kwenye majokofu. Nilikuwa kwenye mafunzo kazini, tukafungua boksi la yuniti ya nje, kebo ya jengo ina nyekundu, njano, buluu na nyeusi. Waya za mashine ni kahawia, nyeusi, kijivu na buluu. Fundi mkuu akasema "unganisha rangi kwa rangi". Niliogopa nikamwacha afanye mwenyewe. Nilikosea?

Kihesa Juu
Mwache FundiUyole apumzike, hili nalijibu mimi maana ni la umeme.

Mdogo wangu, hukukosea, umejiokoa. Kwenye rangi za zamani nyeusi ni nyutro na buluu ni fasi. Kwenye rangi mpya nyeusi ni fasi na buluu ni nyutro. Ukiunganisha rangi kwa rangi, buluu ya jengo yenye fasi inaingia kwenye nyutro ya mashine, na saketi ya udhibiti iliyotengenezwa kwa volti 230 inapata 400. Bodi inakufa papo hapo, koili ya kontakta inafuata. Kabla ya kuunganisha chochote pima: fasi kwa fasi 400, fasi kwa nyutro 230, nyutro kwa ethi karibu na sifuri. Kisha funga utepe wa rangi sahihi kwenye kila ncha ili atakayekuja baada yako asife.

Mimi nipo Iringa, ni fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na kazi nyingi nilizoitwa ni za AC ambazo fundi wa gesi aliunganisha umeme mwenyewe. Nina mambo yangu mawili hapa.

La kwanza ni mzunguko wa fasi. Skrolu inazunguka upande mmoja tu. Ukibadilisha fasi mbili inazunguka kinyume, inapiga kelele mbaya, presha ya juu na ya chini hazitengani, mtu anasema gesi imeisha anaongeza gesi. Hoteli moja huku kwetu mashine ilikuwa nzima kwa umeme wa gridi, kila umeme ukikatika na jenereta kuingia, AC inalia kama bati linaburuzwa. Aliyefunga jenereta hakuangalia mpangilio wa fasi. Kwa umeme wa gridi ni A, B, C, kwa jenereta ni A, C, B. Feni za AC nazo zilikuwa zinageuka. Walikuwa na miezi kadhaa hivyo. Funga rilei ya kulinda fasi, ile inayokataa fasi ikikosekana, ikigeuka au volti ikishuka. Ni kidude kidogo, kinakaa kwenye reli pamoja na kontakta.

La pili, volti za fasi zisizolingana. Nilipima mahali nikapata 398, 386 na 407. Mtu anaona zote ziko karibu na 400 anaridhika. Wastani ni 397, iliyo mbali zaidi iko mbali kwa 11, gawanya: karibu asilimia 2.8. Kwa kompresa kikomo chema ni 2. Joto la koili hupanda kwa takriban mara mbili ya mraba wa ile asilimia, kwa hiyo hapo tayari ni kama asilimia 15 juu. Mara nyingi chanzo si laini ya nje, ni jengo lenyewe, taa na majiko na hita za maji zote zimerundikwa kwenye fasi moja. Hamisha mzigo kwanza.

FundiUyole, kwenye uzi wako hukugusa kebo. Ulivuta ya ukubwa gani pale ukumbini?

FundiUyole
Nashukuru kaka, na nakubali, umeme umeueleza kuliko ambavyo ningeweza.

Kutoka bodi kuu hadi yuniti ni mita 45. Mkondo wa kazi ni ampea 20. Kebo ya milimita 4 za mraba ingebeba, lakini ingekula kama volti 8 na nusu njiani, zaidi ya asilimia 2, kabla hata jioni volti ya mtaa haijashuka. Na wakati wa kuwaka mkondo unapanda mara 5 hadi 7. Nilivuta milimita 6, inakula chini ya volti 6. Breka niliweka ya aina D ili isianguke kila kompresa inapoamka. Swichi ya kukatia iko hatua mbili kutoka kwenye mashine, fundi akiwa anafanya kazi aione kwa macho.

Jambo jingine ambalo Kihesa Juu utaniunga mkono: mota nyingi zimepimwa kwa kimo cha hadi mita 1,000. Juu ya hapo hewa ni nyepesi, inabeba joto kidogo. Feni inasukuma ujazo uleule lakini uzito wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 hapa Mbeya. Baridi yetu ya nje inafidia sehemu kubwa, ila usichague yuniti kwa kubana kabisa, na usiifunge kwenye kona ambako inapumua joto lake yenyewe. Kaza skrubu za tamino (pale waya zinapofungwa) mwezi mmoja baada ya kuwasha. Mtetemo unazilegeza.

Parachichi Njombe
Wakuu naombeni msaada wa haraka. Nimefungiwa chumba cha ubaridi cha parachichi hapa Njombe, yuniti ya R134a, fundi amemaliza leo saa 10. Mzigo unaingia kesho kutwa. Jana saa 9 mchana alijaza naitrojeni psi 300, leo saa 12 asubuhi tumekuta 283. Anasema ni kawaida, mimi naona inavuja. Anataka kuwasha usiku huu ili kesho chumba kiwe tayari. Nimeusoma huu uzi nimepata wasiwasi.

FundiUyole
Ndugu, jana mchana ilikuwa nyuzi ngapi na alfajiri ngapi?

Parachichi Njombe
Simu inasema 24 mchana na 8 alfajiri.

FundiUyole
Basi fundi wako yuko sahihi kwenye hilo. Naitrojeni ikipoa presha inashuka. Kwa kutoka 24 kwenda 8, psi 300 inapaswa kuwa karibu 283. Kama leo mchana joto liliporudi palepale presha nayo ilirudi 300, bomba liko zima. Ni vizuri mmeijaribu usiku mzima, wengi huku wanajaribu saa moja tu.

Kuwasha usiku huu ndiko nisikokubali. Muulize mambo haya: hita ya kompresa imepewa umeme saa ngapi? Vakyumu aliipima kwa geji gani? Na je, bomba la kimiminika lina vali ya solenoidi (inayofunguka na kufungwa kwa umeme)?

Parachichi Njombe
Hita hajaiwasha, alisema itajiwasha yenyewe mashine ikianza. Geji ni ile ya sindano, ilisimama 23 na nusu. Solenoidi ipo.

Kihesa Juu
Hita inawaka kompresa ikiwa imesimama. Mashine ikianza ndipo inazimika. Amekuambia kinyume.

FundiUyole
Sawasawa kabisa. Kwa hiyo: usiku huu pandisha swichi kuu, acha thamostati imezimwa, hita ipashe mpaka kesho. Angalau kwa muda wa saa 12, mimi kwa Njombe napenda 24. Gusa tumbo la kompresa kesho kwa nyuma ya kiganja, liwe na uvuguvugu wazi kuliko mabomba yaliyo jirani.

Na vakyumu irudiwe. Najua gesi imeshaingia, airudishe kwenye mtungi kwa mashine yake, asiifungulie hewani. Atafute geji ya maikroni hata ya kuazima.

Kuhusu solenoidi: chumba cha ubaridi kina tabia tofauti kidogo na ukumbi. Kikiwa tayari na nyuzi 6 ndani na nje ni 8, gesi hukimbilia koili ya ndani, halafu mashine ikiamka kimiminika kinaingia kompresa kwa mkupuo. Ndiyo maana kuna solenoidi. Thamostati inafunga solenoidi, kompresa inaendelea kuvuta mpaka gesi yote iko nyuma kwenye kondensa (koili ya nje inayotoa joto) na tangi, presha ya chini inaikata. Hakikisha amezipanga hivyo, thamostati iende kwenye solenoidi na presha swichi iende kwenye kontakta. Wengine wanapeleka thamostati moja kwa moja kwenye kontakta na solenoidi inabaki pambo.

Na feni ya kondensa iwe na presha swichi yake. Usiku wa Njombe presha ya juu ikianguka mno, vali ya upanuzi (inayoingiza gesi kwenye koili ya ndani) inakosa msukumo, chumba hakipoi, mashine inakatika kwa presha ya chini. Hapo ndipo mtu anaongeza gesi saa 8 usiku, na saa 8 mchana inakatika kwa presha ya juu.

Mwenye Nyumba Mafinga
Samahani kuingilia. Hiyo hita ikiwaka usiku kucha si itanimalizia LUKU?

FundiUyole
Wati 70 kwa saa 12 ni chini ya uniti moja. Ukiogopa radi, funga kinga ya mawimbi ya umeme kwenye bodi kuu na ethi nzuri. Usishushe swichi.

Parachichi Njombe
Wakuu narudi na majibu, jana nilikuwa kazini sikuweza kuandika.

Fundi mwanzoni alikasirika, baadaye tukaelewana, akaazima geji ya maikroni Makambako. Alirudisha gesi kwenye mtungi akavuta kuanzia saa 5 asubuhi jua likiwa kali. Ilishuka hadi 480, alipofunga pampu ikapanda hadi 1,700 ikatulia. Maji yalikuwamo. Alivunja kwa naitrojeni mara mbili, akapasha mabomba kwa hita ya upepo. Mara ya tatu ilikaa 620 kwa nusu saa haikusogea.

Hita imewaka usiku mzima wa juzi na jana, kompresa ina uvuguvugu hata alfajiri kukiwa na umande kwenye bati. Thamostati ilikuwa kwenye kontakta kama ulivyosema, ameihamisha. Tumewasha leo saa 4. Chumba kimefika nyuzi 6 saa 8 na nusu, fasi zote tatu zinasoma ampea karibu sawa. Mzigo umeingia saa 10.

Mlinzi nimemwandikia kwenye karatasi nikaibandika juu ya swichi: HAPA HAPAZIMWI.

FundiUyole
Hongera ndugu, na mpe fundi wako salamu zangu. Hiyo karatasi nitaibandika ukumbini kesho.